Nataka mwanangu aitwe COSETTE, mama mkwe kagoma. Tuyajadili haya majina ya Kifaransa

#1 mama_kijacho
Wakuu habari zenu, niende moja kwa moja.

Nina mimba ya miezi saba, kipimo kinasema wa kike. Chuo nilisoma lugha, Kifaransa na Kiswahili, na tangu mwaka wa pili nilijiapiza nikipata binti ataitwa Cosette, yule mtoto wa kwenye Les Misérables. Mume hana neno, yeye kila kitu "sawa mama". Shida ni mama mkwe. Kaja juzi kutoka Kigoma, Kibirizi, kuja kunisaidia, nikamtajia jina huku anachambua mchele, akanyanyua uso akaniangalia, akasema "Kosete? Mjukuu wangu mimi?" akarudi kwenye ungo wake. Kucheka alicheka ila si kicheko kizuri. Kesho yake kamwambia mwanawe kwamba hilo jina hapana, atafute lingine, na hataki kusema kwa nini.

Sasa naomba kujua, kuna wenye watoto wenye majina ya vitabu vya Kifaransa au maneno tu ya Kifaransa? Yamewaletea shida gani? Na huyu mama anajua nini ambacho mimi sikijui?

#2 NgojaWaje
Naweka kambi hapa.

#3 Mzee_wa_Tandika
Dada, Cosette si ndo yule mtoto anatumikishwa kwenye ile hoteli, anatumwa maji msituni usiku na ndoo inayomzidi? Sinema yake nimeiona. Sasa wewe unataka mwanao aanze maisha kama hausigeli? Jina linavuta, msibishe. Kwetu kuna jamaa anaitwa Mashaka, nyumba yake imeungua mara mbili. Na huyo Alexandre Dumas aliyeandika mwenyewe alikuwa hana huruma na watoto.

#4 kiberiti
@Mzee_wa_Tandika kwetu kuna Shida, ndo mwenye duka la vifaa vya ujenzi kubwa kuliko yote mtaani, na kuna Bahati anamkopa saruji. Hoja yako imekufa.

#5 MwalimuStaafu
Tuweke mambo sawa kwanza. Les Misérables ni ya Victor Hugo, 1862, si Dumas. Dumas ni wale Musketeer, 1844, na bibi yake mzaa baba alikuwa mtumwa kule ambako sasa ni Haiti, kwa hiyo huyo tusimsingizie, ni ndugu yetu.

Pili, mtoto yule jina lake si Cosette. Jina lake ni Euphrasie. Cosette ni la kudekeza, mama yake Fantine ndo alikuwa anamuita hivyo. Hugo anaeleza pale pale kwamba kina mama na watu wa kawaida wana kipaji cha kugeuza majina, Josefa anakuwa Pepita, Françoise anakuwa Sillette, na anasema alishamjua bibi mmoja aliyefanikiwa kumgeuza Théodore akawa Gnon. Ni yaleyale ya kwetu, Abdallah ni Dula, Khadija ni Dija, Mohamed ni Mudi, mpaka mtu anaoa ndo unalijua jina lake kwenye kadi ya harusi.

Sasa Euphrasie ni nani? Ni Eufrasia! Nendeni parokia yoyote muangalie daftari la ubatizo, kina Eufrasia wamejaa. Kwa hiyo dada abatize Eufrasia, nyumbani aite Cosette, atakuwa amekifuata kitabu kuliko hata alivyotaka mwenyewe.

#6 mama_kijacho
@MwalimuStaafu shikamoo mwalimu. Hapo kwenye Eufrasia umenifungua macho, ngoja nilipeleke leo jioni.

#7 Mbeba_Boksi_Paris
Wakuu mimi nipo huku kwa wenyewe mwaka wa kumi na mbili sasa. Niwaambie kitu, hawa Wafaransa wenyewe hawakuwa na uhuru wa kujipa majina mnaoufikiria. Kuna sheria ya wakati wa Napoleon, 1803, ilisema majina ni yale ya kwenye kalenda au ya watu wa historia ya kale, basi, karani wa manispaa alikuwa anaweza kukukatalia pale pale dirishani. Imekuja kulegezwa kabisa 1993. Siku hizi karani anaandika unachotaka, ila akiona jina litamuumiza mtoto anampelekea mwendesha mashtaka na inakwenda kwa jaji.

Ndo ilivyokuwa kwa wale wa Valenciennes waliotaka mtoto aitwe Nutella, ile siagi ya chokoleti. Jaji akakataa, habari ikavuma 2015, mtoto akaitwa Ella. Mahakama hiyohiyo ikakataa Fraise, maana yake stroberi, kwa sababu Wafaransa wana msemo wa fraise wa kumkebehi mtu anayejipendekeza kwenye mambo yasiyomhusu, mtoto angechekwa shule. Wazazi wakarudi na Fraisine, jina la zamani, likapita. Na kuna mwingine alitaka Titeuf, yule katuni mwenye unywele mmoja umesimama, wakapanda mpaka mahakama ya juu kabisa 2012, wakapigwa chini.

Ila kuna familia ya jina la ukoo Renault, wakamuita binti yao Mégane. Renault Mégane! Serikali ikapinga, mahakama ikasema muacheni mtoto.

#8 kiberiti
@Mbeba_Boksi_Paris huku kungekuwa na familia ya Toyota, mtoto wa kwanza Carina, wa pili Corona, kitinda mimba Noah.

#9 Dereva_wa_IST
Noah si lipo kwenye Biblia.

#10 kiberiti
Ndo uzuri wake, padre hana pa kukataa.

#11 Bukavu_Kadutu
Jambo yenu bote. Miye niko Bukavu, mulinichekesha sana. Huku kwetu majina ya Kifaransa haitokake mu bitabu, inatokaka mu kanisa na mu kinywa ya mama. Kuko Plamedi, njo Plan Merveilleux de Dieu, mupango wa ajabu wa Mungu, banakata maneno banabakisha bichwa tu. Kuko Glodi, Gloire de Dieu, utukufu wa Mungu. Kuko Exaucé, mutu mwenye maombi yake ilisikiwa. Kuko Dieumerci, Dieudonné, Bienvenu, Trésor, Merveille, Espérance, Bijou. Mu klasi yangu tulikuwa na ba Trésor ine, mwalimu anaita moja banaitika bote.

Na kuko Merdi. Ile batu habaelewane, bengine banasema Merci Dieu, bengine banasema Merveille de Dieu.

#12 Mbeba_Boksi_Paris
@Bukavu_Kadutu hilo la mwisho dada yangu msije nalo huku 😂 Nina jirani Mkongo mwanawe ni Merdi, siku ya kwanza shuleni mwalimu kasoma orodha darasa zima chini ya madawati. Lile neno la Kifaransa linalofanana nalo mnalijua, ni mavi. Mama yake akaenda shuleni kueleza kwamba ni shukrani kwa Mungu, wakamuelewa, watoto hawakumuelewa. Sasa anaitwa Didi.

Na kwa taarifa yenu ukiwa huku usimuite rafiki yako "kaka" mbele ya watoto wa chekechea, na usimwambie mtoto "njoo nikupe pipi". Kaka ni mavi, pipi ni mkojo. Nilimpigia simu kaka yangu nikiwa kwenye basi, kitoto cha siti ya mbele kikageuka kikanikodolea mpaka kituo changu.

#13 Wa_Kisauni
Kwa hivyo nyumba ya Mswahili huko Paris ni kinyesi na mkojo tu siku nzima. Wacha nikae Mombasa.

#14 Jangwani_Damu
Mnazunguka mbuyu wakuu. Majina ya Kifaransa Bongo yameletwa na mpira, kwisha. Kabla ya yule straika Fiston Mayele nani alikuwa anajua jina Fiston? Jamaa katetema pale Yanga misimu miwili, 2021 mpaka 2023, sasa hivi ukiita Fiston uwanja wa shule ya msingi wanageuka watatu. Kabla yake Heritier Makambo. Papy Tshishimbi. Baadaye Pacôme.

#15 MwalimuStaafu
@Jangwani_Damu unajua maana zake lakini? Fiston ni "kijana wangu", vile baba anavyomuita mwanawe wa kiume. Héritier ni mrithi. Papy ni babu. Kwa hiyo kiungo wenu alikuwa anaitwa Babu akiwa na miaka ishirini na kitu, na mashabiki wanamuimba.

#16 Msimbazi_Wetu
Ndo maana alikuwa anachoka dakika ya sitini.

#17 Jangwani_Damu
@Msimbazi_Wetu huu uzi ni wa majina, peleka uchungu wako kule.

#18 Bukavu_Kadutu
Papy huku banapatiaka mutoto kama amerudisha jina ya babu yake. Haiko ya kuchekesha. Mutoto anazaliwa, jina ya babu ni nzito kuitaita ovyo, njo banamuita Papy.

#19 MwalimuStaafu
@Bukavu_Kadutu asante, hiyo sikuijua. Ni kama sisi tunavyomuita mtoto wa kiume "babu" au "baba" akiwa wajina wa mzee. Nafuta kicheko changu.

#20 Mpemba_Asili
Assalaam alaykum. Umesahau jina kubwa la Kifaransa kuliko yote hapa kwetu, Amour. Mapenzi. Unguja na Pemba tumejaa kina Amour.

#21 Mzee_wa_Tandika
Ee kumbe! Rais wa zamani wa Zanzibar, Salmin Amour, kumbe ni Salmin Mapenzi?

#22 Mpemba_Asili
@Mzee_wa_Tandika nilikuwa nakutega tu mzee wangu. Hilo ni la Kiarabu, Omani yote wamo, Kifaransa hakihusiki hata kwa mbali, ni namna ya kuliandika tu. Ila nina binamu yangu Amour alikwenda Marseille kikazi, akijitambulisha wanawake wanatabasamu. Anasema hajawahi kupendwa na makarani wa benki namna ile.

#23 Binti_wa_Karema
Naomba kurudi nyuma kidogo kwa @Jangwani_Damu, mpira ni wa juzi. Sisi wa mwambao wa ziwa Tanganyika haya majina tunayo tangu karne ya kumi na tisa. Mapadre Wafaransa wa shirika la Roho Mtakatifu walishafungua misheni Bagamoyo 1868, Mjerumani hajaja. White Fathers, shirika jingine la mapadre, wakafika Tabora 1878, Ujiji mwaka uliofuata, Karema wakakabidhiwa 1885. Daktari wetu Karema alikuwa Adrien Atiman, mtoto wa Mali aliyetekwa utumwani akakombolewa na mapadre, wakamsomesha, akaja kwetu akatibu watu mpaka alipofariki 1956. Sisi tunatamka Adriano. Bibi yangu Leonsia, dada yake Eufrasia (mwalimu umenigusa), na wote hawakujua hata neno moja la Kifaransa.

Kwa hiyo jibu ni kalenda ya watakatifu, si kitabu wala si mpira. Padre anafungua kalenda, siku uliyozaliwa ina mtakatifu gani, jina hilo umeshapewa.

#24 MwalimuStaafu
@Binti_wa_Karema nakubali nusu. Angalia kitu kimoja, kwa nini huku kwetu padre huyohuyo Mfaransa alimpa mtu Deogratias na ng'ambo ya ziwa mwenzake ni Dieumerci? Maana ni ileile, Mungu ashukuriwe. Deodatus wetu ni Dieudonné wao, Fidelis wetu ni Fidèle wao, Desiderius ni Didier. Huku yalikuja kwa Kilatini kwa sababu mkoloni alikuwa Mjerumani halafu Mwingereza, kule Mbelgiji, shule na ofisi zote Kifaransa. Ziwa moja, padre mmoja, majina mawili.

#25 Mwana_Buyenzi
Mwalimu upo sawa ila umeruka kitu. Mimi ni wa Buja, yaani Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, mama Mkongo. Kongo hayo majina yaliwahi kupigwa marufuku. Mobutu, 1972, ile siasa yake ya uhalisi, majina ya Kizungu yote nje, yeye mwenyewe akaacha Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko na mkia mrefu. Na padre akimbatiza mtoto jina la Kizungu anaenda jela. Mjomba wangu alizaliwa Dieudonné, vyeti vya shule vina jina moja, vya kazi jina jingine, mpaka anastaafu alikuwa anatembea na karatasi ya kuthibitisha kwamba yeye ni yeye.

Ndo maana miaka ya tisini yaliporudi yakarudi kwa hasira. Zamani ilikuwa Joseph na Marie tu, yakarudi ma Glodi, ma Plamedi, ma Exaucé, kila mtu kafungua kiwanda chake. Ni kama mtu aliyekatazwa sukari.

#26 Bukavu_Kadutu
@Mwana_Buyenzi hapana, hapo nakataa kidogo. Haikuwa hasira, ilikuwa vita na makanisa ya maombi. Mama anakimbia na mimba, anafika muzima, anazaa, utamuita nani? Exaucé. Grâce. Hakuna siasa pale.

#27 kiberiti
Si hata jina la nchi, Zaire, lilikuwa la Kifaransa? Kuna tamthilia ya Voltaire inaitwa Zaïre.

#28 MwalimuStaafu
Tamthilia ipo kweli, 1732, Zaïre ni binti mateka kwenye kasri la sultani Yerusalemu. Lakini nchi haikutoka huko. Wareno walisikia Nzadi, mto, kwa Kikongo, wakalisema walivyoweza. Ni kugongana tu.

#29 kiberiti
Kwa hiyo Mobutu alikimbia majina ya Kizungu akajificha kwenye matamshi ya Mreno. Sawa.

#30 mama_kijacho
Jamani narudi. Nimempelekea mama habari ya Eufrasia. Kasema Eufrasia anamjua mmoja tu, walikuwa wanauza dagaa pamoja, alimkopa fedha hakulipa mpaka amekufa. Limeshindikana.

Mwalimu, je jina lingine la Hugo? Binti yake mwenyewe si alikuwa Léopoldine? Ni zuri.

#31 MwalimuStaafu
Ndiyo, alimpa jina la baba yake Hugo, Léopold, kama sisi tunavyorudisha majina ya wazee. Ila alikufa maji na mumewe kwenye mto Seine, 1843, bado mbichi kabisa, ana miaka kumi na tisa.

#32 Bukavu_Kadutu
Léopoldine??? Kumbuka Léopold huku ni nani, ule mufalme wa Ubelgiji. Dada yangu utafika Kongo na huyo mutoto atakosa hata maji ya kunywa.

#33 mama_kijacho
😂😂 Nimelifuta.

#34 Mzee_wa_Tandika
Mnaona sasa, majina ya vitabu yana visa. Virginie kafa maji, Fantine kauza nywele na meno, Éponine kapigwa risasi, Esmeralda kanyongwa. Hakuna mhusika wa Kifaransa anayekufa kitandani kwa uzee?

#35 Wa_Kisauni
Hiyo ya Virginie ni karibu na sisi. Paul et Virginie, 1788, kisa kiko Mauritius, bahari yetu hii hii. Meli inazama pwani, baharia anamwambia msichana vua hizo nguo nikuokoe, anakataa kwa aibu, anazama. Watu Ulaya walilia, wakaanza kuita watoto Paul na Virginie. Na huku Kenya kina Virginia wamejaa, wengi wadhani ni jimbo la Marekani.

#36 MwalimuStaafu
@Mzee_wa_Tandika nilikuacha tangu #3 sasa nakujibu. Cosette kisa chake hakiishii kwenye ndoo. Jean Valjean anakuja kumchukua, anakua, anasomeshwa na watawa, anaolewa na Marius ambaye ni mtoto wa baron. Ndo mmoja kati ya wachache wanaotoka salama kwenye kile kitabu.

Na kama ni hoja ya jina kuvuta, someni Madame Bovary ya Flaubert, 1857. Emma ana mimba, anataka wa kiume amuite Georges. Anaambiwa ni binti, anageuza uso anazimia. Halafu anaanza kuhangaika na majina, Clara, Amanda, Atala, Galsuinde, Yseult, mpaka akakumbuka kwenye kasri alikoalikwa dansi alisikia bibi mwenye kasri akimuita binti mmoja Berthe. Basi, mtoto ni Berthe, jina la kasri. Na huyo Berthe anaishia kibarua kwenye kiwanda cha pamba.

Mfamasia wa kijiji hichohicho, Homais, yeye kila mtoto ana hoja yake, Napoléon kwa ajili ya utukufu, Franklin kwa ajili ya uhuru, Irma kwa ajili ya mapenzi ya hadithini, Athalie kwa heshima ya tamthilia ya Racine. Flaubert alikuwa anawacheka watu kama sisi tuliopo kwenye uzi huu. Hata Hugo kawacheka, yule mama mwenye hoteli anayemtesa Cosette, binti zake kawaita Éponine na Azelma kwa sababu alikuwa anasoma sana hadithi za mapenzi.

#37 mama_kijacho
Mwalimu unanitetea au unanichapa?

#38 MwalimuStaafu
Nimefundisha miaka thelathini na moja, mkono umezoea.

#39 Dada_Neema
Mimi niongee la maumivu. Binti yangu ni Désirée, baba yake alisoma Lubumbashi. Ukiandika kwa mwanamke inatakiwa e mbili mwishoni, ya kwanza na alama juu. Karani wa kwanza kaandika Desire. Wa pili kwenye karatasi nyingine kaandika Dezire. Shule wakaandika Desiree bila alama, na jinsia wakaweka ME kwa sababu mwalimu alimjua Desire wa Burundi ni mwanaume. Mtihani wa darasa la saba kaletewa namba ya wavulana. Nimepanga foleni ofisi moja siku nne, siku ya nne wananiambia mama si ungemuita Tumaini tu.

Kwa hiyo dada, s moja au mbili kwenye Cosette, amua mapema na ukariri.

#40 NgojaWaje
Nimesikia kule Afrika Magharibi kuna watu wanaitwa Fêtnat, wazazi walisoma kalenda tarehe 14 Julai imeandikwa Fêt. Nat., yaani sikukuu ya taifa kwa kifupi, wakadhani ni mtakatifu.

#41 Binti_wa_Karema
Hiyo kila mtu anaisimulia na kila mtu kaisikia kwa mtu. Mbona Toussaint Louverture hamumcheki, Toussaint ni sikukuu ya Watakatifu Wote. Na sisi tuna Sikukuu, tuna Jumapili, tuna Khamisi.

#42 Mbeba_Boksi_Paris
Hata Quasimodo. Yule kibiongo wa Notre-Dame aliokotwa Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka, na misa ya siku hiyo kwa Kilatini inaanza na maneno quasi modo. Padri aliyemuokota akampa jina la siku. Angeokotwa Kariakoo angeitwa Jumapili na asingechekwa na mtu.

#43 Mama_wa_Uvira
Wakuu hodi. Mimi ni wa Uvira, nipo Kigoma kibiashara mwaka wa sita, nimesoma tangu #1 na nashangaa hamjaona. Huyo mama mkwe ni wa KIBIRIZI. Anauza na Wakongo miaka yote. Kule kwetu cossettes, cossettes de manioc, ni makopa! Muhogo uliomenywa ukakatwa vipande ukaanikwa. Gunia la cossettes, bei ya cossettes, cossettes zimelowa mvua. Wewe umemwambia mjukuu wake ataitwa Makopa, ulitaka afanyeje?

#44 kiberiti
😂😂😂 UZI UFUNGWE

#45 Mzee_wa_Tandika
Nimecheka mpaka mjukuu kaja kuniangalia. Usukumani angeitwa Udaga.

#46 MwalimuStaafu
Kwa matamshi siyo lilelile. Jina lina s moja katikati ya irabu, linatamkwa Kozet. Makopa yana s mbili, ni koset. Lakini nakiri #1 imeandika mama katamka "Kosete", kwa hiyo yeye alisikia gunia.

#47 Mama_wa_Uvira
Mwalimu, bibi wa Kibirizi hahesabu s.

#48 mama_kijacho
Jamani nimemuuliza. Mama kasema wala hakuwa anawaza makopa! Kasema yeye lilimkaa vibaya mdomoni tu, na kwamba jina zuri lazima uweze kuliita kwa sauti kutoka uwanjani mpaka ziwani bila kukwama. Lakini nilipomwambia ya @Mama_wa_Uvira kakaa chini kwenye ngazi kacheka mpaka kashika mbavu, eti miaka yote anasema cossettes na Wakongo hajaunganisha. Sasa sijui alikuwa anadanganya kwanza au sasa.

Kuanzia jana kila akinipa uji anasema "mpelekee Kopa".

#49 Mpemba_Asili
Kopa kwenye karata si ndiyo moyo? Hilo ni jina bora kuliko yote mliyotaja.

#50 MwalimuStaafu
Na limetoka kwa Wareno, copas. Tumerudi kwa Mreno tena.

#51 Mzee_wa_Tandika
Kopa vilevile ni kukopa. Huyo mtoto atakuwa na madeni. Nimesema mimi jina linavuta.

#52 mama_kijacho
Wiki tisa baadaye. Nimejifungua salama wakuu, kilo tatu na gramu mia mbili, asanteni kwa dua. Tangazo la kizazi limeandikwa "wa kike", pa jina pako wazi. Nilisimama pale dirishani nikataka kusema Cosette, nesi akauliza s ngapi, mume akasema "sawa mama", nikaondoka. Majirani wote wanamuita Kopa. Mama kaongeza kukaa mwezi mmoja, na juzi nimemsikia uani anamnong'oneza mtoto Kozeti, Kozeti, na z kabisa, nilipotokea akanyamaza akaanza kukunja nepi.

#53 Dada_Neema
Hongera sana. Andika haraka kabla hawajakuandikia wao.

#54 Bukavu_Kadutu
Félicitations! Mungu abariki mutoto. Plamedi ingali iko, haina s hata moja.

#55 Dereva_wa_IST
Hongera dada. @Mama_wa_Uvira samahani nje ya mada, hizo cossettes gunia sasa hivi ni shilingi ngapi ukishusha Kibirizi?